Tundu la Ukutani: Somo Tulilolipata kwa Bomba la Pazia Lililoanguka Micheweni

Walimu wengi tumezoea kuhesabu zana za kufundishia kuwa ni vitu vinavyonunuliwa au kutengenezwa kabla ya somo kuanza: chati, ramani, picha, vibao vya nambari. Aghalabu hatukihesabu kitu kilichoharibika kuwa ni zana. Kiti kilichovunjika hupelekwa kwa seremala, na tundu la ukutani huzibwa wakati wa likizo, wanafunzi wakiwa majumbani kwao. Kwa hiyo wanafunzi hukuta kila muhula kwamba vitu vimekwisha kutengenezwa, wala hawaoni vinavyotengenezwa.

Katika makala haya twakusudia kueleza somo tulilolifundisha kwa muda wa wiki tano katika skuli moja ya wilaya ya Micheweni, kisiwani Pemba. Zana kuu ya somo hilo ilikuwa ni tundu lililoachwa ukutani na bomba la pazia. Twakusudia pia kueleza jambo moja ambalo twaliona lina manufaa kwa mwalimu wa somo lolote, nalo ni kwamba kabla ya kuziba, mwenye kutengeneza hana budi kujua kwa nini ukuta uliachia.

1. Ukuta na pazia lake

Msomaji asiyeifahamu Micheweni yafaa aelezwe kwanza hali ya ardhi yake. Upande wa magharibi wa Pemba ni nchi ya vilima, udongo mzito na mikarafuu. Micheweni iko kaskazini, na sehemu kubwa ya ardhi yake kuelekea mashariki ni mwamba wa matumbawe wenye udongo haba juu yake. Mkulima wa huko hupata taabu, lakini mjenzi hakuwa na haja ya kuagiza jiwe kutoka mbali, kwani jiwe analikanyaga. Jiwe hilohilo likichomwa katika tanuu hutoa chokaa, na chokaa ikichanganywa na mchanga hushika mawe mengine. Nyumba nyingi za zamani za mwambao wetu zilijengwa kwa njia hiyo.

Jengo tulilofundishia ni la namna hiyo. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa udongo mwekundu na chokaa, na juu yake ikapigwa plasta ya chokaa. Miaka ya baadaye, saruji ilipokuwa rahisi kupatikana, sehemu zilizomeguka zilizibwa kwa saruji. Madirisha ya darasa letu yanatazama mashariki. Asubuhi jua huingia na kuung'arisha ubao hata maandishi yasisomeke. Kwa sababu hiyo wazee walichanga, likanunuliwa pazia zito, likatungikwa katika bomba la chuma lililochukuliwa na mikono miwili ya chuma iliyofungwa ukutani kwa skrubu.

Siku moja ya mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, mwanafunzi mmoja alilivuta pazia ili alifunge. Mkono wa upande mmoja uliachia, bomba likashuka, na pamoja nalo likashuka pande la ukuta lenye ukubwa wa sahani ya wali. Hakuumia mtu. Lakini dawati lililo chini ya dirisha hilo hukaliwa na watoto watatu, na siku hiyo walikuwa wamesimama ubaoni. Hatukuweza kulitazama tundu lile kama jambo la rangi na usafi tu.

Rai ya kwanza iliyotolewa ilikuwa ni kumwita fundi azibe kwa saruji, kazi ya nusu siku. Sisi walimu wawili wa hesabu na sayansi tuliomba tuachiwe ukuta ule, kwa sharti kwamba dawati lihamishwe na dirisha lisitundikwe kitu mpaka kazi iishe.

2. Kutoka "nani?" hadi "nini?"

Katika kipindi cha kwanza tulimwambia kila mwanafunzi wa darasa la sita aandike sababu ya kuanguka kwa bomba. Majibu yalikuwa ya aina nne: upepo, uzee wa ukuta, ufupi wa skrubu, na mwenzao aliyevuta pazia. Waliotaja mwenzao walikuwa wengi kuliko wengine wote kwa pamoja. Mwenyewe pia alijitaja.

Twadhani kila mwalimu ameliona jambo hili. Kitu kikiharibika, mtoto hutafuta mwenye kosa kabla ya kutafuta sababu, na huenda amejifunza hivyo kwetu sisi. Tuliacha karatasi zao mezani, tukaliweka pande lililoanguka juu ya dawati, tukawataka wasizungumze juu ya mtu yeyote. Waseme tu wanachokiona.

Walichokiona kilibadilisha somo zima. Skrubu hazikung'oka. Zote zilikuwa bado zimeshika barabara ndani ya pande lile, na mkono wa chuma umesimama juu yake kama ulivyofungwa siku ya kwanza. Pande lenyewe lilikuwa saruji tupu, nene kama vidole viwili, wala halikupasuka. Mgongoni mwake lilikuwa laini, limejaa vumbi jekundu. Basi skrubu hazikuwa fupi kwa saruji, na saruji haikuwa dhaifu. Kilichoachia ni mahali saruji ilipokutana na ukuta.

Mwanafunzi mmoja alisema, "Mwalimu, saruji haikuushika ukuta. Iliuegemea tu." Tuliyaandika maneno hayo ubaoni na hayakufutwa kwa wiki tano. Yule aliyevuta pazia hakutajwa tena.

Kisha tuliwafundisha kuugonga ukuta. Mahali penye afya hutoa mlio mzito. Mahali palipoachana ndani hutoa mlio mtupu, kama wa ngoma. Wanafunzi waligonga kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, wakizungushia chaki kila mahali palipolia utupu. Walipomaliza walichora ramani ya ukuta katika madaftari kwa kipimo cha 1 kwa 20. Ramani ilionyesha kwamba milio mitupu karibu yote ilikuwa katika viraka vya saruji, na vingi vya viraka hivyo vilikuwa chini ya madirisha na karibu na sakafu, mahali penye maji ya mvua.

Sababu yake twaweza kuieleza kwa ufupi. Ukuta wa mawe, udongo na chokaa hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa jua. Plasta ya chokaa ina vinyweleo, hivyo huupitisha unyevu huo. Saruji ni nzito na ngumu, huuzuia. Maji yakizuiwa nyuma ya kiraka hubaki humo pamoja na chumvi, na chumvi ikikauka hufanya chembe ngumu zinazousaga ukuta laini kuwa unga. Kiraka chaonekana kizima kwa nje huku nyuma yake kumebaki vumbi. Jambo hili linafahamika vyema kwa wanaohifadhi majengo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000; nao husisitiza kwamba ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa.

3. Hesabu ya mkono wa chuma

Baada ya kujua ukuta uliachia wapi, tuliuliza swali la pili: ulikuwa unachukua uzito gani? Pazia na bomba lake vilipimwa kwa mizani ya duka, vikawa kilo 6. Mikono ilikuwa miwili, kwa hiyo kila mmoja ulichukua kilo 3. Wanafunzi waliona kwamba huo ni uzito mdogo, mdogo kuliko ndoo ya maji.

Lakini mkono ule ulitokeza sentimita 12 kutoka ukutani, na kutoka skrubu ya juu hadi kisigino cha mkono palikuwa na sentimita 4 tu. Uzito wa mbele huukandamiza ukuta chini, kwenye kisigino, na kuivuta skrubu ya juu itoke nje. Nguvu ya kuvuta hupatikana kwa kuzidisha uzito kwa sentimita 12 na kugawa kwa 4, yaani ni mara tatu ya uzito. Pazia likiwa limetulia, skrubu ya juu huvutwa kwa nguvu sawa na kilo 9. Mtoto akilivuta karibu na mkono mmoja kwa nguvu ya kilo 10, mkono huo huchukua 13, na skrubu huvutwa kwa kilo 39. Kama mkono ungekuwa na kimo cha sentimita 12 badala ya 4, nguvu ileile ingeivuta skrubu kwa kilo 13 tu.

Somo la nyenzo katika vitabu huelezwa kwa mtarimbo na jiwe. Wanafunzi wetu walikuwa wamelisoma mwaka uliopita, na walikuwa wanaweza kuchora picha yake. Hapa walilikuta ukutani mwao likiwa limegeuzwa. Tuliwapa kazi ya kupima mikono ya mapazia na rafu majumbani mwao na kukadiria ni ipi iliyo salama. Wanafunzi wanne walirudi na habari kwamba baba au kaka amekwisha kuibadilisha rafu.

4. Moja na tatu

Tulimwomba fundi mmoja mzee wa kijiji aje darasani. Hakupenda kusimama mbele ya ubao. Alichuchumaa karibu na karai lake, na watoto wakamzunguka. "Karibu, babu," walimwambia, naye akawajibu, "Starehe, wanangu," kisha akaanza na mchanga. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameleta mchanga wa pwani, mweupe na mzuri wa kutazama. Fundi alichukua punje chache akampa. "Onja, mwanangu." Mtoto akaonja, akatema. "Hiyo chumvi ndiyo itakayoula ukuta wako," akasema. Mchanga wa pwani ukawekwa kando.

Kipimo alichotupa ni kile kinachojulikana na mafundi wengi: chokaa karai moja, mchanga makarai matatu. Tukawauliza wanafunzi mchanganyiko utakuwa makarai mangapi. Darasa zima likajibu: manne. Fundi akacheka. "Maalim, ukiagiza hivyo utapungukiwa."

Tulichanganya. Yakapatikana makarai matatu na kidogo. Darasa likazuka kelele. Wengine walidai tumepima vibaya. Tukarudia kwa vikopo, matokeo yakawa yaleyale. Hapo hatukueleza neno. Tuliwaachia swali hadi kipindi cha pili. Msichana mmoja ambaye hakuwa na desturi ya kunyosha mkono alikuja na kopo la kokoto lililojaa pomoni, akamimina mchanga ndani yake, na mchanga ukaingia bila kopo kumwagika. "Chokaa inakaa katikati ya mchanga," alisema. Mwingine akapendekeza tupime kwa mizani badala ya kopo. Tulipopima, uzito wa chokaa na wa mchanga ulijumlika sawasawa.

Twaomba walimu wenzetu walizingatie jambo hili. Watoto wale walijua tangu darasa la kwanza kwamba moja na tatu ni nne, na hawakukosea. Walichokuwa hawajui ni kwamba kujumlisha kuna sharti lake: lazima ujue unajumlisha nini. Uzito hujumlika, nafasi zinazoingiana hazijumliki. Mtoto anayejua sharti la kanuni anaijua kanuni yenyewe kwa namna iliyo imara zaidi.

5. Kuziba

Kazi ya kuziba tuliigawa kwa makundi, na kila hatua ilitanguliwa na swali la sababu.

Kwanza, viraka vyote vilivyolia utupu viliondolewa kwa tindo na nyundo mpaka mahali pagumu. Tundu likawa kubwa kuliko mwanzo, na wanafunzi wengine walidhani tunaharibu. Kingo zake zilichimbwa ili upana wa ndani uzidi wa mdomo, kiraka kipate kushikwa.

Pili, vumbi lilipigwa brashi na ukuta ukanyunyizwa maji. Ukuta mkavu hunyonya maji ya chokaa kabla haijashika. Wanafunzi walilijaribu jambo hili kwa kupaka chokaa juu ya mawe mawili, moja kavu na moja lililoloweshwa. Kesho yake ile ya jiwe kavu ilibanduka kwa ukucha.

Tatu, penye kina palijazwa vipande vya mawe vilivyolazwa katika chokaa, na juu yake plasta ikapigwa kwa tabaka nyembamba, kila moja isizidi sentimita 1. Tabaka liliachwa likaze, likachorwa mistari, ndipo la pili likafuata. Gunia bichi lilitungikwa mbele yake kuzuia jua na upepo.

Hatua ya tatu ndiyo iliyowachosha watoto kwa kungoja, nayo ikatupa nafasi ya kufundisha kemia ya chokaa. Jiwe la matumbawe likichomwa kwa moto wa kiasi cha nyuzi 900 za Selisiasi hutoa hewa ya kaboni-dioksaidi na kubaki chokaa hai. Chokaa hai ikitiwa maji huchemka na kuwa unga. Unga huo ukipigwa ukutani huivuta tena polepole ile hewa kutoka angani na kurudi kuwa kama jiwe lililokuwa. Kwa maneno mengine, chokaa haikauki tu. Inageuka jiwe, na kugeuka huko huchukua wiki na miezi. Tuliwapeleka wanafunzi Chwaka, jirani na Tumbe, ndani ya wilaya hiyohiyo, penye mabaki ya mji uliokaliwa kuanzia karne ya 11 hivi. Waligusa mawe na chokaa ya msikiti wa kale, iliyoshika kwa mamia ya miaka. Tuliwakumbusha pia kwamba majengo ya namna hii yakiachwa bila matunzo huua: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mjini Zanzibar mwaka 1883, ilianguka na watu wawili wakafa.

Nne, bomba lilirudishwa. Hatukufunga skrubu hata moja katika kiraka kipya. Ubao mrefu wa mti mgumu ulifungwa juu ya dirisha kwa skrubu sita zilizoingia katika vigingi vya mti vilivyopigwa ndani ya mawe yenyewe, na mikono mipya yenye kimo cha sentimita 12, mitatu badala ya miwili, ikafungwa katika ubao huo. Wanafunzi ndio waliopanga mahali pa vigingi, kwa ramani yao.

Hatuna budi kuongeza onyo. Chokaa hai haifai kuguswa na watoto, kwani huunguza ngozi na huweza kupofusha jicho. Sisi tulitumia chokaa iliyokwisha kuzimwa, na hata hiyo iliguswa kwa mwiko tu, huku ndoo ya maji safi ikiwa karibu.

6. Neno la mzazi

Katika wiki ya pili alikuja mzazi mmoja, mtu mwenye kazi ya kuvunja kokoto. Alisalimu kwa adabu, akakaa, akasema, "Walimu, mimi navunja mawe ili mwanangu asivunje mawe. Nimeambiwa mmempa tindo."

Neno hilo hatukulichukua kwa wepesi. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, skuli nyingi nchini zimefanya kazi za mikono. Pengine kazi hiyo ilikuwa elimu. Pengine ilikuwa ni jembe tu, na mtoto alirudi nyumbani na malengelenge bila ya hoja hata moja kichwani. Wazazi wana haki ya kukumbuka hivyo.

Tulimwita bintiye, ambaye ndiye aliyekuwa na kopo la kokoto, tukamwomba amweleze baba daftari lake. Alimweleza ramani, kisha hesabu ya mkono wa chuma, kisha kopo. Mzazi alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja: je, mambo hayo yataulizwa katika mtihani? Tulimjibu kwamba ukuta hautaulizwa, lakini nyenzo, vipimo na uwiano vitaulizwa. Akasema, "Basi isipotee saa hata moja ya kusoma." Tulimwahidi kwamba kazi ya mikono haitazidi nusu ya kipindi chochote, na ahadi hiyo ilikuwa kipimo chetu mpaka mwisho. Ukuta ukizibwa na mtoto asijue zaidi ya alivyojua jana, sisi tutakuwa tumepata vibarua wa bure.

7. Kosa la mwanafunzi

Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Baada ya wiki hizi tano twaongeza kwamba kuna kuziba kunakouharakisha ukuta kuanguka.

Fikiri, ewe mwalimu, mwanafunzi anayeandika kwamba nusu na theluthi ni sehemu mbili kwa tano. Njia ya haraka ni kutia alama nyekundu, kumpa kanuni, na kumwamuru aifanye mara ishirini. Kesho atapata jawabu sahihi. Hicho ni kiraka cha saruji. Kikigongwa na mtihani wa wiki, hushika. Kikivutwa na swali la namna nyingine mwakani, huanguka pande zima, na kanuni yenyewe imo ndani yake haijavunjika, kama zile skrubu. Mtoto huyo aliijua kanuni, ila kanuni haikushikamana na chochote alichokuwa nacho.

Kugonga kwanza ni kumwuliza, "Umefanyaje?" Aghalabu atajibu kwamba amejumlisha vya juu na vya juu, na vya chini na vya chini, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kujumlisha. Hapo mahali palipo tupu panasikika: haoni kwamba theluthi na nusu si vitu vya ukubwa mmoja. Sasa mpe kopo na mchanga ajaze nusu, kisha theluthi, na aone kama kweli kopo limepungua chini ya nusu kama jawabu lake linavyodai. Hiyo ni chokaa. Itachukua muda kushika, lakini itashika kwa sababu ni ya asili moja na ukuta.

8. Shauri letu

Kwa walimu watakaopenda kujaribu, twatoa mashauri machache.

(a) Kitu kikiharibika skulini, kabla ya kumwita fundi, jiulize kama kina sababu inayoweza kutafutwa na watoto bila ya hatari.

(b) Swali la kwanza lisiwe "nani?" Liwe "kimeachia wapi?"

(c) Mwite mwenye ujuzi wa kijiji, na umwachie afundishe kwa namna yake. Kazi ya mwalimu ni kuuliza sababu ya kila anachokifanya.

(d) Matokeo yakipingana na kitabu, usiyafafanue siku hiyohiyo. Swali lililolala na mtoto usiku mmoja huamka na fikra.

(e) Weka mpaka wa muda wa kazi ya mikono, na uwaeleze wazazi mpaka huo mapema.

(f) Baada ya kazi, rudia kuugonga ukuta, na urudie kumwuliza mwanafunzi, baada ya mwezi na baada ya masika. Matengenezo yanayokaguliwa siku ya kwanza tu hayajakaguliwa.